Meza Yetu: Kambale wa Kapolowe, chakula ao sumu?



Juma tatu zilizopita, mkutano ulipokuwa karibu kufungwa, mama mmoja wa kikundi cha Kenya alisimama na kuuliza: "Wamama, huyu kambale wa Kapolowe tunayewalisha watoto, ni chakula ao ni sumu?" Wengine walicheka. Kisha kukawa kimya, kwa sababu wengi wetu tulikuwa na samaki huyo ndani ya chungu siku ileile. Shemeji ya mama huyo anafanya kazi Likasi, naye alimwambia kwamba maji machafu ya viwanda yanaishia ziwani. Mama mwingine, mzaliwa wa Kapolowe-Mission, alikasirika kabisa: "Mimi nimekula samaki wa ziwa lile tangu nikiwa tumboni mwa mama yangu. Mbona niko hapa?" Hatukuweza kuamua. Tukasema: twende tuone, tuulize, halafu tuandike.

Tulikwenda watatu, siku ya posho, kwa basi hadi Kapolowe-Gare, kisha kwa moto hadi ufukoni. Tulifika jua likiwa bado chini, mitumbwi ikirudi.

Wengi wetu tunasema "ziwa" kana kwamba Mungu aliliumba siku moja na Tanganyika na Moero. Sivyo. Ziwa hili, ambalo kwenye ramani linaandikwa Tshangalele na wengine wanaliita ziwa la Lufira ao la Mwadingusha, lilitengenezwa na watu. Kampuni ya Union Minière ilihitaji umeme kwa kazi ya shaba. Basi mto Lufira ulizuiwa kwa ukuta kwenye maporomoko ya Cornet, na kiwanda cha umeme cha Mwadingusha kikaanza kazi mwaka 1930. Maji yakatandaa juu ya mbuga. Ndiyo maana ziwa ni pana, karibu kilomita za mraba 400 likijaa, lakini halina kina. Mahali pengi mvuvi anasukuma mtumbwi kwa mti mrefu unaogusa chini. Nzilo, karibu na Kolwezi, ni ndugu yake: Lualaba ilizuiwa huko katika miaka ya 1950.

Kwa samaki, maji mafupi namna hiyo ni nyumba nzuri. Jua linaingia, majani yanaota, vitoto vya samaki vinapata chakula na mahali pa kujificha. Kwa watu wa ufuko ni jambo lingine. Mzee mmoja alinyoosha mkono na kutuonyesha mahali ambapo, kwa maneno ya babu yake, palikuwa mashamba. Na nguzo za umeme tuliziona. Umeme wenyewe unapita na kuendelea mbele. Katika kijiji tulichofikia hakuna barafu hata moja. Shikeni jambo hilo, kwa sababu linaeleza mengi juu ya samaki anayefika kwetu: asiyeuzwa asubuhi lazima aingie moshini kabla ya mangaribi, la sivyo anaoza.

Samaki wenyewe tuliowaona kwenye mabeseni walikuwa hasa wa aina tatu. Kwanza tilapia, ambaye Wabemba wanamwita pale. Halafu makobo, mwenye kinywa kikubwa, anayewinda samaki wadogo. Na kambale, mweusi, mwenye ndevu, asiye na magamba.

Mama mmoja mwenye umri, ambaye tulimwita Koko kama watoto wa pale wanavyomwita, alichukua tilapia jike na kumfungua kinywa. Ndani mlikuwa na mayai ya manjano, madogo kama punje za mtama. Jike la pale akiisha kutaga, anayakusanya mayai yote kinywani. Anakaa nayo mpaka vitoto vinajua kuogelea, na siku hizo zote hali karibu kitu. Hata vikiisha kutoka, hatari ikitokea vinakimbilia kinywani tena. "Ukimvua huyu," Koko alisema, "umevua familia nzima." Halafu alimtupa ndani ya beseni pamoja na wengine. Tulimtazama. "Nimrudishe majini, nile nini?"

Kambale ana tabia yake. Mchana anakaa chini kwenye tope, usiku anatembea kutafuta chakula, na anakula chochote: wadudu, konokono, samaki wengine, hata mizoga. Zaidi ya matamvua ana kiungo kingine cha kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo anavumilia maji mabaya ambayo yangemuua tilapia, na unaweza kumkuta bado anahema sokoni baada ya saa nyingi. Mvua za kwanza zikinyesha, anaacha ziwa na kupanda kwenye majani yaliyofunikwa na maji ili atage. Hapo vijana wanamngojea kwa mikuki na migono, na wanamchota kama kuni, akiwa na tumbo limejaa mayai.

Wenzetu wa Zambia hufunga uvuvi sehemu nyingi tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Tulimuuliza Koko: nanyi mnafunga? Alitujibu: "Tumbo linafunga?" Ni kweli kwamba miezi hiyo ndiyo miezi ya njaa. Unga wa mwaka jana umekwisha, mahindi mapya hayajakauka. Kumwambia mama mwenye watoto sita asinunue samaki wa wakati huo ni rahisi kwetu tunaokaa mjini. Lakini yeye mwenyewe alituambia kwamba nyavu za zamani zilikuwa na macho ambayo vidole vinne vinapita, na leo kidole kimoja kinapita kwa shida. Alisema pia kwamba tilapia aliyemwonyesha kwetu, zamani angeitwa mtoto.

Wanaume wanavua kwa nyavu za kutega, kwa ndoano nyingi kwenye kamba moja, na kwa kutumpula, yaani kupiga maji kwa fimbo ili samaki wakimbilie wavu. Wanawake wanangoja ufukoni, wananunua, wanapasua, wanakausha na kupeleka Likasi na Lubumbashi. Kazi yao tuliifikiri kuwa ndogo mpaka tulipoelewa mkopo. Mama anampa mvuvi wavu, unga na sukari kabla ya msimu. Mvuvi analipa kwa samaki, kwa bei waliyopatana siku ya mkopo. Wavu ukiibiwa ao ukipasuka, mama ndiye mwenye hasara. Mjane mmoja ana mitumbwi miwili na vijana wanne wanaomfanyia kazi. Yeye hajawahi kupanda mtumbwi maisha yake yote, anaogopa maji. Ndiye aliyekuwa na daftari safi kuliko wote.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuumiza. Juu ya kamba, katikati ya nyavu zilizoanikwa, tuliona kitambaa cha buluu tunachokijua sote. Ni mustikere. Zile zile zinazotolewa kwa mama mwenye mimba. Zilishonwa tatu pamoja, na mawe yamefungwa chini. Hatukuuliza kwa ukali. Mama mwenye nyumba ile, msichana tu wa miaka ishirini hivi, alisema bwana yake aliomba moja, halafu ya pili, akasema wavu wa dukani ni bei ya miezi miwili. Wanaukokota karibu na majani na kuchota samaki wadogo kama vidole, wa kukausha juani. Mtoto wao wa pili alilala kituoni siku nne mwezi uliopita, malaria, na feza za dawa zilikula samaki wote waliovuliwa kwa ule mustikere na zaidi. Alituambia hesabu hiyo yeye mwenyewe, bila kuulizwa.

Wamama, hatuandiki haya ili tumcheke. Ndani ya chama chetu pia kuna mustikere zinazofunika vifaranga na mboga. Lakini mjue mambo mawili. Macho ya mustikere hayaachi kitu kipite, hata mayai yaliyoshikamana na majani; sehemu iliyokokotwa hivyo juma baada ya juma inakuwa kama kiwanja. Na dawa iliyomo ndani ya kitambaa, ambayo kwa mtu aliyelala chini yake haina shida, ni kali kwa samaki na wadudu wa majini. Ni kama ile buba ambayo wazee walikuwa wanaponda na kutia kwenye mito: samaki wanaelea, wakubwa kwa wadogo. Tulimwachia dada yule mustikere moja tuliyokuwa nayo. Tunajua inaweza ikawa tayari imeshonwa pamoja na nyingine.

Turudi kwenye swali la sumu, ndilo lililotupeleka.

Shemeji wa Likasi hakusema uongo. Eneo hili limechimbwa na kuyeyushwa shaba na kobalti kwa zaidi ya miaka mia. Mto Panda unapita karibu na viwanda vya Likasi na kupeleka maji yake upande wa Lufira. Maji yakiwa yanakimbia yanabeba tope lenye metali. Yakifika ziwani yanatulia, na tope linashuka chini. Ziwa la kutengenezwa kwa ukuta ni kama chujio la chai: linashika kile ambacho mto ungepeleka mbali. Mwaka 2010 wachunguzi waliandika juu ya bonde la Lufira ya juu, wakaonyesha kwamba metali hizo zimeingia ndani ya mfululizo wa chakula, tangu vile viumbe vidogo vya majini na majani hadi samaki. Mwaka mmoja mbele, 2009, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga ya kusini. Waliokaa karibu na machimbo na viwanda walikuwa na kobalti nyingi sana mwilini, na watoto kuliko wakubwa.

Msikie vizuri lakini: watoto hawapati metali kwa samaki peke yake. Wanazipata kwa mavumbi wanayochezea na kutia kinywani, kwa maji, kwa mboga zilizonyweshewa maji machafu. Mama anayeacha samaki kabisa na kumwacha mtoto akae kwenye mavumbi ya kiwanda bila kunawa mikono kabla ya kula, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi. Na mtoto anayekula bukari na matembele tu, bila samaki, bila maharagwe, bila yai, tunajua anavyovimba miguu na nywele zinavyobadilika rangi. Hilo tumeliona kwa macho yetu, hatukuhitaji uchunguzi. Kwa hiyo sisi hatusemi: acheni samaki. Tunasema: chagueni, safisheni, badilisheni.

Metali hazitoki kwa kupika. Hazitoki kwa chumvi, ndimu wala moshi. Kuna mama anayeuza unga fulani kule sokoni akisema unaondoa sumu ndani ya samaki. Ni feza za bure. Linalosaidia ni kisu. Metali nyingi hukusanyika zaidi kwenye maini, figo, matamvua na matumbo kuliko kwenye nyama. Kwa hiyo mfungueni samaki, toeni vyote vya ndani, kateni matamvua, na msimpe mtoto supu ya matumbo hata kama bibi alikuwa anapenda. Wale wadogo wa kukausha wanaoliwa wazima, na tumbo lao na tope lililomo, wa ziwa hili wasiwe chakula cha kila siku cha mtoto mdogo ao cha mama mwenye mimba. Kambale anayekula chini kwenye tope, mara moja kwa juma inatosha. Siku nyingine tilapia, siku nyingine maharagwe, karanga, kapenta ya Tanganyika. Nanyi mnaonunua ufukoni, ulizeni samaki ametoka upande gani. Wavuvi wenyewe wanajua. Mmoja alituambia bila kusita kwamba karibu na mahali maji ya mto machafu yanapoingia yeye hategi, "samaki wa pale wana harufu."

Juu ya samaki aliyekaushwa, tulijifunza kwa Koko mambo ambayo tungetamani kuyajua miaka ishirini iliyopita. Yeye anapasua kambale mgongoni, si tumboni, ili nyama ifunguke kama kitabu na moshi uingie. Anamlaza ndani ya maji ya chumvi nusu saa, anamwacha adondoke maji, halafu moto mdogo wa kuni kavu, usiku mzima, akigeuza mara tatu. Samaki aliyekauka hivyo ni mwepesi mkononi na ukimgonga analia kama ubao. Akiwa mzito na mlaini karibu na mfupa, amebabuliwa juu tu. Siku tatu ataota ukungu. Mashimo madogo na unga chini ya kapu ni wadudu. Na hapa muwe macho: wauzaji wengine wanapuliza dawa ya wadudu juu ya samaki ili asiliwe. Ukinusa harufu ya dawa ya mende, mrudishie mwenyewe. Hiyo sumu iko karibu zaidi kuliko ile ya kiwanda. Tulimuuliza kama anaweza kukaushia kwa mafuta machafu ao mipira ya gari, kama tulivyosikia kwa wengine. Alitutazama kana kwamba tumemtukana mama yake.

Kwa mwenye kambale mbichi: msugueni kwa majivu ao chumvi hadi utelezi utoke, mwoshe kwa maji ya moto kidogo, tena kwa baridi. Mkate vipande, mkaange kidogo tu, kisha nyanya, kitunguu, pilipili isiyopasuka juu, maji kidogo, na msimfunike mpaka harufu ya ziwa imekwenda. Bukari ya mahindi na mihogo nusu kwa nusu. Lengalenga kando.

Njiani kurudi tulisimamishwa mara mbili na watu waliodai feza ya samaki. Hakuna aliyetoa karatasi. Tulikuwa na kapu moja dogo. Wamama waliokuwa nasi kwenye basi, wenye makapu matano sita, walilipa wakinyamaza, kila mmoja akiwa na noti zilizokunjwa tayari mkononi. Walitwambia kwamba wanaziongeza kwenye bei, yaani ni sisi tunaolipa huku sokoni. Tunaandika bei za kila mahali, tarehe na kiasi. Anayesafiri njia hiyo naye aandike, alete.

Sasa jambo la feza za chama. Tumeleta pendekezo, halijaamuliwa. Tungetoa kidogo kwenye likelemba ya miezi miwili, tumpe Koko na yule mjane wa mitumbwi, wanunue chumvi na nyavu za macho makubwa. Wao watatuletea kila juma mbili samaki aliyepasuliwa, asiye na matumbo wala matamvua, kwa bei iliyopatanwa. Wamama watatu wa kamati wanakataa. Mmoja anasema tutapoteza feza kama tulivyopoteza kwa makala mwaka jana, na hatuwezi kusema hana haki. Hasara ile bado haijarudi yote. Mwingine anasema hatukula samaki wa kiwanda miaka yote hii ili leo tumlipie kabla. Mjane mwenyewe alisema anaweza kuanza na makapu mawili kwa mkopo wake, sisi tulipe tukiisha kupima na kuonja. Hilo lilitupendeza zaidi kuliko pendekezo letu.

Tutapiga kura siku ya posho ijayo, saa nane, palepale. Mwenye mizani ya kilo ailete, ile ya chama ina sindano iliyopinda. Mama wa kikundi cha Kenya aliyeuliza swali ameagiza tilapia wanne wakubwa, wasio na mayai kinywani kama inawezekana.